Kufungua Chujio la Mafuta la Pikipiki: Zana, Mbinu na Maneno katika Gereji za Uvira

1. Utangulizi

Kiswahili cha ufundi husemwa kila siku katika gereji za Afrika Mashariki na Kongo, lakini huandikwa kwa nadra. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi za nyanja nyingi, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hata hivyo, kijana anayejifunza ufundi kando ya barabara hafundishwi kwa orodha za istilahi. Hujifunza kwa kuona, kwa kusikia na kwa kuagizwa. Agizo likieleweka vingine, hasara yake haiishii katika sarufi. Chuma huharibika, na mwenye pikipiki hukosa riziki ya siku nyingi.

Makala haya yanachunguza kazi moja ndogo, nayo ni kufungua chujio la mafuta la pikipiki, kwa kuzingatia mazingira ya Uvira na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Kazi hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi ya kawaida ambayo ikifanywa vibaya huua injini nzima. Pili, inadhihirisha jinsi uteuzi wa neno moja unavyoweza kuongoza au kupotosha mkono wa mtendaji. Tutaanza na mahali na lugha yake, kisha aina za machujio, zana na mbinu, halafu maneno yenyewe, na mwisho tutatoa mfano wa maelekezo yanayoweza kueleweka pande zote za ziwa.

2. Mahali na lugha yake

Uvira iko katika pembe ya kaskazini magharibi ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kivu ya Kusini, ikitazamana na Bujumbura ng'ambo ya maji. Barabara ya taifa namba 5 hutoka Bukavu, hushuka katika bonde la Ruzizi kupitia Kamanyola, Luvungi, Sange na Kiliba, hupita Uvira, kisha huendelea kusini kando ya ziwa kuelekea Makobola, Baraka na Fizi. Wakati wa kiangazi sehemu zake nyingi hutoa vumbi jepesi linalopenya kila mahali; wakati wa mvua hugeuka matope. Mnamo Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuharibu vibaya mitaa ya mji. Vumbi na maji ndio maadui wawili wakubwa wa mafuta ya injini. Vumbi huyafanya yakwaruze kama msasa, na maji yakichanganyika nayo huyapa rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa.

Kiswahili si mgeni katika mwambao huu. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwezi Aprili 1858, na Stanley na Livingstone walipofika penye mdomo wa Ruzizi mwezi Novemba 1871 na kuona kwamba mto huo unaingia ziwani wala hautoki, safari zote mbili zilitegemea watu waliokwisha kuisambaza lugha ya pwani hadi hapo. Leo Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Mtu wa Uvira aweza kusema Kivira, Kifuliiru au Kibembe nyumbani, Kifaransa shuleni, na Kiswahili sokoni na gereji.

Kutokana na hali hiyo, msamiati wa fundi hutoka katika visima viwili. Kutoka mashariki, kwa njia ya Kigoma na Bujumbura, huja maneno ambayo Kiswahili kiliyachota kwa Kiingereza: spana, nati, gia, breki, klachi. Kutoka shule na makampuni ya kikoloni ya Wabelgiji hutoka maneno ya Kifaransa: kle kwa spana, turnevisi kwa bisibisi, filtri kwa chujio, vidanje kwa kazi ya kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya. Mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, unaojulikana kwa Waswahili wake na kwa mafundi wake vilevile, ni mahali ambapo visima hivyo viwili hukutana.

3. Aina za machujio

Fundi mzuri kabla ya kushika zana hujiuliza kwanza kama injini iliyo mbele yake ina chujio la mafuta au haina. Pikipiki za mipigo miwili, kama Yamaha AG 100 na DT 125, huchoma mafuta ya injini pamoja na petroli. Mafuta hayo hupita mara moja na kutoka kwa moshi, hayarudi kuchujwa. Anayetafuta chujio la mafuta ya injini katika pikipiki ya namna hiyo hupoteza wakati, na huenda akafungua kisichohitaji kufunguliwa.

Pikipiki za mipigo minne, ambazo ndizo nyingi katika biashara ya kubeba abiria, hutumia mafuta yale yale kwa injini, gia na, aghalabu, klachi. Pampu huyavuta kutoka chini, huyasukuma hadi juu, nayo hurudi chini kwa uzito wake. Kwa kuwa yanazunguka hivyo mfululizo, ni lazima yasafishwe njiani. Machujio yake yako ya aina nne.

Aina ya kwanza ni chekeche, yaani wavu wa waya mwembamba unaokaa chini ya injini, kabla ya pampu. Huzuia vipande vikubwa vya chuma na mabaki ya gasketi. Wavu huu hautupwi. Huoshwa na kurudishwa.

Aina ya pili ni chujio la mzunguko. Hili halina wavu wala karatasi. Ni kama kikombe cha chuma kilichofungwa kwenye ncha ya krenki, nacho huzunguka pamoja nayo maelfu ya mara kwa dakika. Mafuta yanapoingia ndani, chembe nzito hurushwa pembeni na kuganda ukutani, ilhali mafuta safi hupita katikati. Kanuni yake haina tofauti na ile ya pepeo la nafaka: kizito na chepesi hutengwa kwa mwendo. Honda CG125, iliyotolewa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako matengenezo ni haba, hutumia chujio la namna hii pamoja na chekeche. Viwanda vya China vimeiga injini hiyo kwa wingi mno. Kwa hiyo anayeijua CG125 huwa amezijua pikipiki nyingi zenye majina mengine.

Aina ya tatu ni chujio la karatasi linalokaa ndani ya injini, chini ya kifuniko kidogo kilichobanwa kwa boliti mbili au tatu. Karatasi yake imekunjwakunjwa ili eneo la kuchujia liwe kubwa mahali padogo. Halioshwi, hubadilishwa.

Aina ya nne ni chujio la kopo. Karatasi na ganda lake la bati ni kitu kimoja, na kopo zima huzungushwa hadi likae katika hesi iliyo nje ya injini. Hupatikana zaidi katika pikipiki kubwa, na watu wengi hulifahamu kwa kuliona katika magari.

4. Zana na mbinu

4.1 Maandalizi

Kazi zote huanza kwa namna moja. Injini huwashwa kwa dakika chache ili mafuta yapate joto na wepesi, kisha huzimwa na kuachwa kidogo, kwani mafuta yanayochemka na bomba la moshi huchoma mkono. Pikipiki husimamishwa wima mahali palipo sawa. Sehemu inayozunguka kizibo na chujio husuguliwa kwa brashi na kitambaa kabla ya kufunguliwa. Jambo hili hupuuzwa mara nyingi, na katika bonde la Ruzizi kosa hilo hulipiwa ghali: vumbi lililoganda nje huanguka ndani wakati ule ule chujio linapoondolewa, na kazi ya kusafisha huwa kazi ya kuchafua.

Kizibo cha chini hufunguliwa kwa spana ya boksi au ya pete, inayoshika kichwa pande zote sita. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu, na koleo hung'ata popote. Zote mbili huweza kuviringa kichwa cha kizibo hadi kisishikike tena.

4.2 Chekeche

Katika pikipiki nyingi zenye chekeche, wavu hukaa juu ya kizibo kipana, ukisukumwa na springi. Kizibo hulegezwa kwa spana, halafu humaliziwa kwa vidole huku kiganja kikikinga chini, kwa sababu springi husukuma kila kitu nje kwa mara moja. Mpangilio wa kizibo, springi na wavu hukaririwa au huchorwa ardhini kabla ya kuosha. Wavu huoshwa kwa petroli mbali na moto na hukaguliwa mbele ya mwanga. Unga wa chuma mwembamba ni uchakavu wa kawaida; vipande vinavyoonekana waziwazi ni habari kwamba kuna kitu kinachovunjika ndani.

4.3 Chujio la mzunguko

Hili ndilo linalosahauliwa zaidi, maana limefichwa nyuma ya kifuniko kikubwa cha upande wa kulia wa injini. Mwenye pikipiki aweza kubadilisha mafuta mara kwa mara kwa miaka mingi pasipo chujio hili kufunguliwa hata mara moja. Tope huzidi kujaa ukutani, hadi kikombe kisiweze tena kushika uchafu.

Kulifikia kunahitaji mafuta yamwagwe, mkono wa kupigia stata utolewe, na katika baadhi ya pikipiki sehemu za kukanyagia ziondolewe pia. Skrubu za kifuniko hulegezwa kwa kupokezana pembe kwa pembe, kila moja kidogo, ili kifuniko kisipinde. Skrubu za nyota zilizokaa miaka mingi hugoma, na bisibisi ya kawaida huteleza na kuzikwangua vichwa. Zana yake ni bisibisi ya kugonga: nyundo inapoipiga, bisibisi husukumwa ndani na kuzungushwa kwa wakati mmoja, hivyo haipati nafasi ya kuteleza.

Kifuniko kisipotoka, hugongwa taratibu kwa nyundo ya mpira au ya mti kuzunguka kingo zake. Haifai kupenyeza bisibisi kati ya nyuso mbili zinazobanana. Kasha la injini ni la aluminiamu, na mkwaruzo mmoja hutosha kuvujisha mafuta hata gasketi iwe mpya. Kikombe kikionekana, skrubu tatu za kifuniko chake hutolewa, na tope hukwanguliwa kwa kijiti cha mti. Pamba na vitambaa vyenye nyuzi havitumiwi, kwa kuwa uzi mmoja waweza kuziba tundu la mafuta.

Kwa kazi ya kusafisha tu, hayo yanatosha. Kikihitajika kutolewa kikombe chote, kwa mfano ili kuifikia klachi, ndipo hutakiwa zana maalumu, kwa kuwa nati yake haina pembe sita bali ina mapengo manne. Zana hiyo isipopatikana, fundi hukata meno manne kwa tupa kwenye bomba gumu au boksi kuukuu, nayo hufanya kazi vizuri ikiwa meno yamepimwa sawasawa. Njia mbaya ni kuipiga nati kwa tindo na nyundo: hufunguka leo, lakini mapengo huliwa, chembe za chuma huanguka ndani, na pigo lenyewe hupokewa na beringi za krenki. Ili krenki isizunguke wakati wa kulegeza, gia ya juu hutiwa na mtu wa pili hushika breki ya nyuma.

4.4 Chujio la karatasi

Boliti zake ni ndogo na hesi yake imo ndani ya aluminiamu. Kwa hiyo hukatika au kula hesi upesi zikikazwa kwa spana ndefu. Kifuniko kikitoka, chujio huchomolewa kwa vidole, na springi na pete ya mpira huwekwa kando. Hatari kubwa iko katika kurudisha. Chujio lina upande mmoja wenye tundu na mwingine uliozibwa. Likiwekwa kinyume, mafuta hunyimwa njia yake ya kawaida, na injini yaweza kukwama kwa ukavu ingawa imejazwa mafuta mapya. Watengenezaji huandika kwenye mpira wa chujio maneno ya Kiingereza yenye maana ya "upande wa nje". Kwa fundi asiyesoma Kiingereza onyo hilo halisemi kitu, na hapo ndipo suala la ufundi linapokuwa suala la lugha.

4.5 Chujio la kopo

Kopo jipya hukazwa kwa mkono, lakini la zamani hugoma kwa sababu pete yake ya mpira hunata kwa joto. Zana zake ni kofia ya chuma inayokaa juu ya kopo kama boksi, mkanda wenye mpini, mnyororo wenye mpini, na kucha tatu zinazojibana kadiri zinavyozungushwa. Katika pikipiki nafasi huwa finyu, hivyo kofia ndiyo ifaayo zaidi.

Pasipo zana, kopo hufutwa mafuta yote na kuzungushiwa msasa, uso wake mkali ukilielekea bati, kisha hushikwa kwa mikono miwili. Isipotosha, ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli huviringishwa mara mbili kwa namna ambayo ukivutwa hujibana na kulizungusha kopo upande wa kufungua. Njia ya mwisho kabisa ni kulitoboa kwa bisibisi na kuitumia bisibisi hiyo kama mpini. Bati huweza kuchanika na kuacha kitako kimenata. Isitoshe, kopo likishatobolewa pikipiki haiwezi kuwashwa hadi jipya lipatikane. Kwa hiyo haifai kutoboa kabla ya kuwa na jipya mkononi.

Kopo likitoka, ni lazima pete yake itazamwe. Ikiwa haimo, imebaki imenata kwenye injini, na mpya ikikazwa juu yake mafuta yatatoka kwa nguvu injini ikiwashwa. Pete mpya hupakwa mafuta safi, kopo hukazwa kwa mkono hadi pete iguse, kisha huongezwa mzunguko kama ilivyoandikwa juu yake, ambao aghalabu ni kati ya nusu na robo tatu.

5. Maneno yanayoongoza na maneno yanayopotosha

Tatizo la kwanza ni utata wa majina. Pikipiki huitwa pia tukutuku, na katika Kongo huitwa moto, kutokana na Kifaransa. Neno hili limekutana na moto wa Kiswahili. Tungo kama "usifungue filtri ya moto" hubeba maana mbili: kwamba chujio la pikipiki lisifunguliwe kamwe, au kwamba lisifunguliwe likiwa bado lina joto. Katika mazungumzo muktadha huondoa utata. Katika maandishi mafupi ya maelekezo utata hubaki. Neno mafuta nalo lina upana wa aina hiyo hiyo. Kongo hutofautisha esansi na mazutu, lakini mafuta yakisemwa peke yake huweza kuwa ya kupikia, ya injini au ya kuendeshea. Maelekezo yaliyoandikwa hayana budi kusema "mafuta ya injini" angalau mara ya kwanza.

Tatizo la pili ni la mwelekeo. Wengi huelekeza kwa kusema "zungusha kushoto", au kulia, ambako Kongo huitwa pia kuume. Lakini kitu kinachozunguka hakina kushoto kimoja: sehemu yake ya juu ikienda kushoto, ya chini huenda kulia. Kusema "kinyume cha mwendo wa akrabu za saa" ni bora, ila hakutoshi kwa kizibo cha chini. Kichwa chake kinaelekea ardhini, na mwanafunzi akiinama juu ya injini hukitazama kwa mgongo. Akizungusha kinyume cha saa kama anavyoona kutoka juu, kwa hakika anakaza. Asipojua, huongeza nguvu, na hesi ya aluminiamu hung'oka. Aidha, kijana aliyekulia saa ya tarakimu katika simu huenda hazijui akrabu vizuri. Lipo jambo linalojulikana na kila mtu wa mwambao huu, nalo ni kifuniko cha bidoni ya maji. Agizo "kielekee kichwa cha kizibo, kisha kifungue kama kifuniko cha bidoni" halina utata, kizibo kiwe juu, chini au ubavuni.

Tatizo la tatu ndilo la kisarufi zaidi. Vitabu vya watengenezaji hutumia kitenzi kimoja kwa kila kinachotolewa, na wafasiri hukifuata kwa kuandika "ondoa": ondoa kizibo, ondoa kifuniko, ondoa gasketi, ondoa chujio. Kiswahili kina utajiri ambao tafsiri ya namna hiyo huutupa. Kauli ya kutendua, inayojidhihirisha kwa viambishi -u- na -o-, hutaja namna jambo lilivyofungamana kwanza, na hivyo huonyesha namna ya kulifungamua. Kilichozibwa huzibuliwa, kilichofungwa hufunguliwa, kilichochomekwa huchomolewa, kilichobandikwa hubanduliwa, kilichokunjwa hukunjuliwa. Anayeambiwa "chomoa chujio" anajua kwamba kitu hicho huvutwa moja kwa moja wala hakizungushwi. Anayeambiwa "bandua gasketi" anajua kwamba ni kitu kilichonata, kinachohitaji subira na ukingo usiokwaruza. Anayeambiwa "ondoa" anajua tu kwamba mwishowe kitu hakitakuwapo.

Vivyo hivyo, legeza na fungua si kitenzi kimoja. Skrubu za kifuniko hulegezwa zote kwanza, ndipo zifunguliwe moja moja. Na kitenzi kaza kinahitaji kipimo. "Kaza sana" ni agizo lililoharibu makasha mengi ya injini. "Kaza kwa vidole hadi ikome, kisha ongeza robo ya mzunguko" lina kipimo, na halihitaji spana ya kupimia nguvu ambayo gereji nyingi hazina.

Kuhusu uteuzi kati ya chujio, filta na filtri, hakuna sababu ya vita. Neno chujio limejengwa kwa kitenzi chuja, kinachojulikana na kila mpika chai wa Dar es Salaam, Bujumbura na Uvira, hujieleza lenyewe. Filtri ndilo litakalotamkwa dukani wakati wa kununua. Kwa hiyo maelekezo yaliyo bora hutaja yote mawili mwanzoni, kisha hushika moja hadi mwisho.

6. Mfano wa maelekezo

Kwa kuzingatia yaliyosemwa, maelekezo ya kubadilisha chujio la karatasi, ambalo pia huitwa filtri, yanaweza kuandikwa hivi:

(a) Washa injini dakika tatu, izime, na ungoje dakika tano. Safisha sehemu zote za karibu.
(b) Weka beseni chini. Kielekee kichwa cha kizibo, kifungue kama kifuniko cha bidoni, na uache mafuta ya injini yaishe.
(c) Legeza boliti zote za kifuniko cha chujio kwa kupokezana, kisha zifungue.
(d) Bandua kifuniko bila kupenyeza chuma. Pokea springi.
(e) Chomoa chujio. Tazama upande wenye tundu ulielekea wapi, na weka alama.
(f) Pangusa mahali pake kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Paka pete mpya ya mpira mafuta safi.
(g) Chomeka chujio jipya kwa kufuata alama. Rudisha springi na kifuniko.
(h) Kaza boliti kwa vidole hadi zikome, kisha kwa spana fupi, kila moja kidogo kwa zamu.
(i) Rudisha kizibo na pete yake. Tia mafuta mapya kwa kipimo cha mtengenezaji, ambacho kwa pikipiki ndogo nyingi ni karibu lita 1.
(j) Washa injini bila kuiongeza mwendo, na tazama kama kuna mvujo. Zima, ngoja, kisha pima. Katika pikipiki nyingi za Honda kijiti cha kupimia hakikazwi wakati wa kupima. Huwekwa tu juu ya tundu.

Maelekezo haya hayana neno lisilofahamika Kigoma wala Baraka. Urefu wake ni wa ukurasa mmoja, na yanaweza kubandikwa ukutani.

7. Mafuta machafu na ziwa

Kila chujio linalofunguliwa huacha kiasi cha lita 1 ya mafuta meusi yenye vumbi la metali. Uvira imebanwa kati ya milima na maji; mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge hukatiza mji na kuingia ziwani baada ya mwendo mfupi. Kinachomwagwa katika mfereji leo hufika ziwani na mvua ya kwanza. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi na mto mmoja tu unaotoka, Lukuga, karibu na Kalemie. Maji yake hubadilika polepole mno, na watu wengi wa mwambao huyachota kwa matumizi ya nyumbani. Mafuta machafu hukusanywa katika bidoni yenye kifuniko, nayo bidoni hiyo hupigwa alama isije ikatiwa maji ya kunywa. Chujio kuukuu huachwa linyonyoke usiku mzima kabla ya kutupwa. Jambo hili ni sehemu ya kazi ya kufungua chujio, wala si nyongeza yake.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba kufungua chujio kunadai mambo matatu: kutambua aina yake, kuchagua zana inayoshika pasipo kujeruhi, na kufuata agizo lisilo na maana mbili. Mafundi wa mwambao wanayo mawili ya kwanza kwa wingi; wamekata meno ya zana kwa tupa na kugeuza mipira ya baiskeli kuwa mikanda. La tatu ni wajibu wa wataalamu wa lugha. Mfasiri anayeandika "ondoa" mara kumi katika ukurasa mmoja hajakosa sarufi, lakini ameacha nje elimu ambayo lugha ilikuwa tayari kuitoa bure. Kazi inayofaa kwa wanafunzi wa isimu wa Kongo, Burundi na Tanzania ni kukaa gereji na kuandika vitenzi vya mafundi kama vinavyotamkwa, kabla ya kuwatungia majina mapya ya vitu ambavyo wamekwisha kuvipa majina.